Mume wangu anasema barabara ni barabara

SWALI: Assalaam alaykum, shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu hapa Wete, Pemba. Kaka yangu anaishi Calgary, Kanada, na Januari ametualika mimi, mume wangu, mama mkwe na mtoto wetu wa miaka 3. Tukiwa huko tunataka kwenda na gari ya kaka mpaka Vancouver, jamaa zetu wana harusi Jumamosi. Mume wangu kapiga hesabu: ni kilomita kama 970, tukitoka alfajiri ya Ijumaa, usiku tumefika. Yeye ni dereva wa daladala siku nyingi, na nikimtajia theluji hunijibu kwamba barabara ni barabara, na aliyeendesha Wete–Chake wakati wa masika hashindwi popote. Wewe uliendesha malori huko. Niambie ukweli.
Mke wa dereva, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Msalimie bwana wako, na umwambie kilomita kazihesabu sawa. Kilichoniudhi ni hiyo Ijumaa.

Alfajiri anayoijua yeye siyo ya Calgary. Januari jua la huko linatoka kama saa 2 na nusu asubuhi, na kwenye saa 11 jioni linazama. Kwa hiyo akiondoka gizani atafika gizani, na katikati amevuka milima. Baada ya miji ya Banff na Lake Louise barabara inapita Kicking Horse, njia ya juu milimani, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, inateremka mji wa Golden, halafu inapanda tena njia nyingine ya milimani, Rogers Pass. Hapo Rogers Pass theluji hujikusanya juu ya milima mpaka ikaporomoka yenyewe, ndiyo maana barabara hufungwa na jeshi la Kanada likapiga mizinga kuiangusha kwa makusudi kabla haijamwangukia mtu. Mizinga ya kweli, simtishi. Ikishafungwa, mnakaa. Huenda ikawa kwa muda wa saa mbili, huenda ikawa mpaka kesho yake. Nimeona malori yamejipanga Golden, madereva wanakunywa kahawa, na hakuna aliyekuwa akimpigia mtu kelele. Nahodha wa Mkoani akiona bahari imechafuka hupandi chomboni kumsukuma. Na huko ni vivyo hivyo.

Basi ondokeni Jumatano jua likishatoka. Laleni mji wa Revelstoke, ambako ni kilomita kama 410 kutoka Calgary, na Alhamisi mmalizie. Ijumaa iacheni tupu. Ikiwa haikuhitajika, mtapumzika na mama mkwe atapaka hina kwa nafasi. Kabla ya kuwasha gari kaka yako afungue tovuti ya 511 ya Alberta, jimbo la Calgary, na DriveBC ya British Columbia, jimbo la Vancouver, huko wanaandika barabara ipi imefungwa na ipi ina barafu. Hoteli ya Revelstoke mwulize mapema kama mnaweza kuongeza usiku.

Sasa tairi. Hapa kwetu tairi kipara tunaitembeza mpaka waya uchungulie, lakini huko polisi anakurudisha. Barabara nyingi za British Columbia, za milimani hasa, zinataka tairi za theluji kuanzia tarehe 1 Oktoba, na za milimani sharti hilo linakwenda mpaka mwisho wa Aprili. Kaka yako atazame ubavuni mwa tairi: alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake ndiyo anayoitaka. Zipo zilizoandikwa M+S tu, yaani tope na theluji, sheria inazikubali, lakini kwa Rogers Pass na mtoto ndani mimi nisingezipanda. Meno yasipungue milimita 3.5. Mpira wa tairi za kawaida unakakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, hata kama njia ni kavu.

Kuhusu masika ya Wete, mume wako ana haki ya kujivunia. Ila tope unaliona. Barafu ya huko ni nyembamba na haina rangi, lami inaonekana imerowa tu. Namna ya kuijua ni kutazama magurudumu ya gari iliyo mbele: ikiwa njia inang'aa kama yenye maji na magurudumu hayarushi maji, hayo si maji. Hapo aondoe mguu kwenye mafuta polepole, asikamate breki kwa nguvu, asizungushe usukani ghafla. Madaraja huganda kabla ya barabara. Ile swichi ya kuiachia gari ishike mwendo yenyewe asiiguse kabisa. Na asisahau kwamba huko wanaendesha kulia. Dereva aliyechoka, mkono wake hurudi kwao.

Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi, kwani kati ya Golden na Revelstoke ni karibu kilomita 150 zenye vituo vichache, na simu hukatika. Chukueni mablanketi, beleshi, tochi, mchanga kidogo, tende na chupa ya chai ya moto. Mkikwama, msitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Kaeni ndani, washeni injini kama dakika 10 kila saa, lakini kwanza mume wako ashuke aondoe theluji kwenye bomba la moshi na kioo kimoja kifunguliwe kidogo. Bomba likizibwa, hewa ya sumu inaingia ndani na haina harufu. Familia nzima inaweza kulala isiamke.

Mtoto mvueni koti zito kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, maana gari ikigonga koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mfungeni kwanza, blanketi juu.

Mama mkwe hukumuuliza, lakini nitamtaja. Baridi ya Januari na kukaa Golden bila kujua saa ya kuondoka si kazi ya mtu mzima mwenye magoti. Ndege ya Calgary–Vancouver ni kama saa moja na nusu. Mkatieni tiketi, wewe na mtoto mfuatane naye, na mume wako aende na gari pamoja na kaka yako, ambaye usukani wa milimani ni wake.