Mlima ule hau-"shine": kwa mnaoanza Kiingereza hapa Goma

Wadogo zangu, wengi wetu hapa Goma tunakiingilia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa, na maneno ya mwanga ndiyo yanayotuchanganya. Shuleni tulipewa "briller", yaani kung'aa, tukaigeuza "shine", tukaibandika kila mahali: jua, kiatu, macho, samaki.

Mimi nilikwama usiku mmoja nikimtafsiria mgeni. Mawingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu, yalikuwa mekundu, nikamwambia mlima "is shining". Akaanza kutafuta taa kule juu. Neno lililotakiwa ni "glow": mwanga wa kitu cha moto kisicho na ndimi, uliotulia, usioumiza macho. Makaa ya mbabula yana "glow". Na sisi tuliokuwa hapa usiku wa 22 Mei 2021, volkano ilipolipuka na anga likaiva wekundu, neno hilo hatulifungulii kamusi.

Tangu siku ile sijifunzi neno la mwanga bila kitu chake. Teremkeni ziwani asubuhi mitumbwi inaporudi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, wakiwa bado na maji, wana-"glisten", maana neno hili linataka unyevu. Mawe yetu meusi ya volkano yakinyeshewa nayo ni hivyohivyo. Yakikauka, yamerudi kuwa mawe tu. Sambaza wakianikwa juani, nukta za mwanga zikirukaruka kwenye magamba, hiyo ni "glitter". Adhuhuri ziwa lenyewe linakupiga usoni hadi ufinye macho: "glare". Muwe waangalifu, kwa sababu "glare at" ni kumkazia mtu macho kwa hasira.

Mmeona "gl" inavyojirudia? Kuna na ukoo wa "fl", wenye mwanga usiotulia: "flash" ya radi, "flicker" ya buji (mshumaa) upepo ukipita au ya balbu umeme ukilegea. Si kanuni, "floor" ni sakafu tu, lakini mimi ilinisaidia sana kukumbuka. Radi yenyewe ni "lightning". Mkiongeza "e" katikati, mmeandika kupunguza uzito.

Usiku simameni ufukweni mtazame taa za wavuvi zilivyo mbali, zikiwaka na kufifia kama nyota. Hiyo ni "twinkle". Aliye ndani ya mtumbwi, karibu na taa ileile, hawezi kuiita hivyo. Kwake ni "bright", tena inamchoma macho.