Kreatinini inapoficha homoni: kusawazisha maji katika mkojo wa vijana

SWALI: Nafanya utafiti wa uzamili hapa Kisumu. Nimekusanya mkojo wa wavulana wa kidato cha kwanza hadi cha nne, nikapima testosteroni, yaani homoni ya kiume, kisha nikagawanya kwa kreatinini, ile taka ya mwili inayotoka na mkojo, ili aliyekunywa maji mengi asionekane ana homoni chache. Ajabu ni kwamba kidato cha nne wanakaribia kulingana na kidato cha pili, ilhali ndevu zao naziona kwa macho! Nimekosea wapi?

JIBU: Kupima hukukosea, dadangu. Tatizo ni ile namba uliyogawia.

Kusawazisha ni lazima. Kijana aliyetoka uwanjani saa saba, jua la Kisumu likiwa utosini, atakuletea mkojo wa rangi ya mkandaa. Mwenzake aliyemaliza chupa nzima ya maji atakuletea mkojo unaokaribia kuwa maji yenyewe. Hata wakiwa na homoni sawa mwilini, mashine itampa wa kwanza namba kubwa.

Sasa, kreatinini hutoka kwenye misuli. Kwa mtu mzima ambaye misuli yake haibadiliki sana, kiasi anachotoa kwa siku hakiyumbi mno, na ndiyo sababu maabara nyingi zimeizoea. Anayebalehe yuko mbali na hapo. Testosteroni inamjenga misuli, misuli inapandisha kreatinini, nawe unaigawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Chukua namba za kubuni: mvulana ana testosteroni 20 na kreatinini 1.0, jibu ni 20. Miaka mitatu baadaye ana 40 na 1.6, jibu ni 25. Homoni imeongezeka maradufu, jedwali lako linasema imeongezeka kwa robo. Yaani umefuta kile kile ulichokwenda kukitafuta. Ukiwaingiza wasichana katika ulinganisho huo mambo yanazidi kupinda, maana misuli yao haikui kwa kasi ile. Nyama na samaki waliopikwa nao huipandisha kreatinini, na hapo Kisumu sina haja ya kueleza zaidi.

Mimi ningetumia uzito mahususi, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji. Kifaa ni refraktomita, na matone mawili yanatosha. Anza na maji ya maabara yasiyo na chumvi: yasome 1.000, la sivyo rekebisha kwanza. Vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, vinavyobadilika rangi, viache, havina usahihi unaoutaka. Kama sampuli zako ziko kwenye friza hujachelewa. Ziyeyushe, ziache zifikie joto la chumba, uzitikise vizuri kwa sababu mashapo hujikusanya chini.

Halafu chagua kiwango kimoja cha kulinganishia, tuseme 1.020, ukiandike wazi kwenye tasnifu. Toa 1 kwenye kiwango hicho, toa 1 kwenye usomaji wa sampuli, gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa homoni. Sampuli ya 1.010 yenye homoni 30 inakuwa 60. Ya 1.030 yenye 30 hiyo hiyo inakuwa 20. Kreatinini usiitupe, fanya hesabu kwa njia zote mbili, msimamizi wako aone tofauti.

Njia hii nayo ina mitego. Sukari au protini nyingi kwenye mkojo huongeza uzito bila kuhusiana na maji, kwa hiyo hapo ndipo kile kijiti nilichokukataza kinafaa: kuwachuja wenye hali hizo. Pia, upande wetu huu wa magharibi ugonjwa wa selimundu, ule wa kurithi wa chembe za damu zenye umbo la mundu, si mgeni, na figo za mwenye ugonjwa huo hushindwa kukoleza mkojo. Usomaji wake ukiwa chini usiandike kwamba amekunywa maji mengi. Huenda ana kiu.

Mkojo mwepesi kupita kiasi ndio unaonitisha zaidi. Kwa 1.002 unazidisha homoni mara 10. Jicho likiteleza mstari mmoja ukasoma 1.001, unazidisha mara 20! Sampuli zilizo chini ya 1.003 mimi huziondoa kabisa. Mrudie kijana kesho asubuhi, umwombe mkojo wa kwanza wa siku, kabla hajanywa chai. Na ukianza hivyo kwa mmoja, fanya hivyo kwa wote, kwani testosteroni ya asubuhi si ya jioni.