Bethidei ya mtoto nyumbani: majibu ya maswali yenu

Maswali ya bethidei yamejaa tena. Yanayohusu bei za kumbi na tenti nimeyaacha, kwa sababu hapa tunazungumzia sherehe inayofanyika nyumbani, kwa mikono ya wenye nyumba.

*Mwanangu anatimiza mwaka mmoja. Mume wangu anataka tualike watu 60, tufunge tenti, tuweke MC na tukusanye michango. Unashaurije? (Mama, Tabata)*

Nashauri msifanye. Mtoto wa mwaka mmoja hajui kama kuna sherehe. Anachojua ni kwamba usingizi wake wa mchana umekatwa, spika inapiga kelele, na yeye anapita mkono kwa mkono kwa watu asiowafahamu. Nimehudhuria nyingi za namna hiyo na karibu zote zinaenda mwendo mmoja. Keki inakatwa saa mbili usiku kwa sababu MC alichelewa. Mwenye siku amelala begani kwa dada wa kazi, anaamshwa, anashikishwa kisu, analia, picha zinapigwa. Kisha anaitwa mjomba, anaitwa shangazi, kila mmoja na kipande chake cha keki cha kumtia mtoto mdomoni.

Shemeji, najua unampenda mwanao na unataka watu wajue hivyo. Hiyo michango mwekeeni akiba yake. Bibi na babu, watoto watatu wanne wa majirani, keki ndogo, basi. Kipimo ninachotumia mimi ni miaka ya mtoto ukiongeza miwili au mitatu: anayetimiza minne, waalike watoto sita au saba. Wakizidi hapo utashindwa kuwaangalia, na mtoto atajificha chumbani kwenye sherehe yake mwenyewe.

*Bethidei ianze saa ngapi? (Wengi, kila mwezi)*

Saa tisa alasiri, iishe saa kumi na moja na nusu. Nimeshajibu hili mara nyingi, na kwenye kadi tafadhali andikeni saa ya kuanza NA saa ya kumaliza. Mzazi anayetoka Gongo la Mboto na daladala mbili anahitaji kujua atarudi kabla giza halijaingia.

*Binti yangu anatimiza miaka sita. Rafiki za dada yake wanataka kummwagia maji, unga na mayai, wanasema ni desturi ya bethidei. Nikatae au ni utani tu? (Baba, Mbagala)*

Kataa, baba. Nitaendelea kulisema hili hadi liishe mjini. Kwa jirani yangu mmoja niliona mtoto wa miaka mitano aliyevaa gauni jeupe alilolisubiri wiki nzima. Ndoo ya maji ilimshukia kutoka nyuma. Hakulia papo hapo. Alishika pindo la gauni kwa mikono miwili akawa analikamua, taratibu, kana kwamba likikauka haraka watu hawatakuwa wameona. Watu wazima walikuwa wanacheka, simu ziko juu. Mikono ile sijaisahau.

Unga ukiingia machoni unawasha, yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na sakafu ya tailizi ikilowa lazima mtu ataanguka. Lakini hata bila hayo, mtoto hastahili kuaibishwa mbele ya wenzake halafu tumwambie acheke. Zungumza na mabinti hao kabla ya siku yenyewe, na ndoo zifungie stoo.

*Sina oveni. Naweza kuoka keki nzuri kwenye jiko la mkaa? (Dada, Kigamboni)*

Unaweza, na itafika mezani salama kuliko ile inayotoka Kariakoo kwa bodaboda, ikavuka na pantoni, halafu inafunguliwa ikiwa imelala upande mmoja.

Chukua unga wa ngano robo kilo, majarini robo kilo, sukari pungufu kidogo ya robo, mayai manne, baking powder vijiko viwili vya chai, na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Piga majarini na sukari mpaka mchanganyiko ubadilike rangi, uwe karibu mweupe; hapa ndipo wengi wanachoka mapema na keki inatoka nzito kama tofali. Weka mayai moja moja, kisha unga uliochekecha pamoja na baking powder. Usipige tena sana baada ya unga, changanya tu.

Sufuria kubwa tandika mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili. Ifunike na uipashe kama dakika 10 kabla ya kuingiza chombo cha keki. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu ya mfuniko uwe mwingi. Anayegeuza hesabu hii anapata keki iliyoungua chini na mbichi juu, halafu analaumu unga. Usifunue kabla ya nusu saa, na mvuke wa mfuniko usiudondoshee kwenye keki. Baada ya dakika 45 hivi choma kijiti cha mshikaki katikati. Kikitoka kikavu, epua. Fanya kazi hii nje. Moshi na hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa vinaua, na watoto wa umri huu hawaoni jiko wanapokimbizana, kwa hiyo oka usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Krimu ya siagi achana nayo, hasa Januari na Februari, joto la mchana likipita nyuzi 30. Itateremka kabla hamjaimba. Koroga sukari ya unga na maji ya ndimu mpaka iwe nzito, mimina juu, iache ikauke. Mishumaa iwe ya kawaida. Ile inayotoa cheche kama fataki ina moto wa nyuzi 1,000 na zaidi, na sisi tunaisogeza hadi karibu na nywele za mtoto.

*Je, bisi, karanga na maputo ni sawa kwa watoto wa miaka miwili? (Mama, Kimara)*

Hapana kwa vyote vitatu, na nashukuru umeuliza. Bisi na karanga nzima subiri hadi wafike miaka minne au mitano, maana vinaingia njia ya hewa kirahisi. Soseji ikate kwa urefu, mara nne, isiwe vipande vya duara. Puto ndilo baya zaidi. Kipande cha puto lililopasuka kinanata kooni na kuziba kabisa, na hata mtoto wa miaka saba anaweza kukivuta akijaribu kulipuliza. Mkiyaweka, yatundike juu, na likipasuka moja mtu mzima aokote vipande palepale.

Kila nyumba inayoalika watoto iwe na mtu mmoja anayejua la kufanya mtoto akikabwa. Aliyezidi mwaka mmoja, kama hawezi kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe mbele, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia hivyo mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kidole usiingize kooni kutafuta usichokiona. Utakisukuma chini zaidi.

*Nikipika pilau asubuhi, litafaa kuliwa saa kumi jioni? (Mama, Sinza)*

Kama limekaa mezani, hapana. Wali uliopoa una vijidudu ambavyo vinastahimili kupikwa, vinazaana kwenye vuguvugu, na sumu vinayoacha haiondoki kwa kupasha. Muda wa saa mbili nje ya friji ndio mwisho, na kwa joto letu muda wa saa moja tu. Pika karibu na saa ya kula, funika, gawa likiwa bado linafuka. Na nani alisema lazima iwe pilau? Katlesi, sambusa za nyama na vipande vya embe vinaliwa kwa mkono na watoto hawamwagi.

*Juisi ya ukwaju naweza kuweka barafu za kununua mtaani?*

Usiweke, kama hujui maji yake yalichemshwa. Tulioona kipindupindu kikianza hapa Dar es Salaam Agosti 2015 hatuna haja ya kukumbushwa.

*Majirani zangu ni Waislamu. Kuku nitachinja vipi? (Dada, Ubungo)*

Mwombe jirani akuchinjie, atafurahi. Ila angalia pia pipi laini na jeli, nyingi zina gelatini ya nguruwe. Soma kifungashio.

*Baba watoto anataka kreti mbili za bia kwa ajili ya wenzake.*

Siku nyingine.

*Sina hela ya kukodi lile jumba la upepo la kurukia. Watoto wanane wa miaka sita na saba watafanya nini kwa muda wa saa mbili na nusu? (Mama, Chanika)*

Chanika una uwanja, mama, watu wa Kariakoo wanautamani. Anza na nyama nyama: mtu mzima anataja ng'ombe, mbuzi, kuku, watoto wanaruka, akitaja kiatu na mtu akaruka, ametoka. Wakichangamka, nenda kwenye rede: wawili wanarushiana mpira, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kombolela, ule wa kujificha na kutafutana, uwe wa mwisho, kabla ya keki, na uwe umeshafunika kisima na kufunga geti. Usisimamie kila dakika. Kaa kibarazani uwaone, acha wagombane kidogo juu ya nani amepigwa na nani hajapigwa, watayamaliza.

Mpira wa rede usinunue. Soksi kuukuu mbili, vitambaa ndani, mzunguko wa uzi juu. Mpe mwenye bethidei aufunge mwenyewe usiku wa kuamkia siku yake.