Barua kwa mwanangu: ukimnyima simu, acheze na nini?

Mwanangu, waaleykum salaam.

Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale mjukuu wangu, mke wangu mdogo, anapoanza kugombania simu na kelele zake, nikacheka peke yangu hapa karakana, kijana wangu wa kupiga msasa akadhani nimeingiziwa hela. Unasema siku unazoshinda nae nyumbani unaishiwa cha kumchezesha, ukimnyima simu analia, midoli ya dukani bei haishikiki na ile uliyonunua aliitupa siku ya pili, uani mwenye nyumba hataki mchanga, halafu ukaniuliza, "Baba, kwani sisi mlituchezesha nini?" Haya, nakujibu kwa kuandika manake nikikutumia voisi nitazunguka mpaka bando lako liishe.

La simu tulimalize mapema, halina maneno mengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, wakasema mtoto wa mwaka mmoja kukalishwa mbele ya skrini hawashauri kabisa, akifika miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua hapo ndo vizuri. Yeye ana mwaka na miezi tisa, hesabu unaijua. Ila kwenye mwongozo huohuo kuna kitu watu hawakitaji, kwamba mtoto wa umri huo awe kwenye mwendo dakika 180 kwa siku ukijumlisha kutwa nzima, kukimbia, kupanda, kuinama, kubeba, na alale saa 11 mpaka 14 pamoja na ule usingizi wa mchana. Saa tatu za mihangaiko hizo! Sasa ukimnyang'anya simu halafu ukamkalisha kwenye kochi humo chumba na sebule asiguse hiki asiguse kile, umemtoa kwenye katuni umemtia rumande, lazima alie.

Sasa swali lenyewe. Kuwachezesha hatukuwachezesha mwanangu, nakwambia kweli. Mama yako alikuwa anaamka alfajiri kukanda maandazi ya kuuza, mi niko na randa tangu asubuhi, nani angepata wasaa wa kukaa chini akuimbie mpaka jioni? Mlicheza na kazi zetu. Mtoto wa umri wa huyu wangu hajajua bado kwamba kufagia ni kazi na kuruka ni mchezo, kwake yote sawa, anachotaka ni kushika kitu unachoshika wewe na wewe uwe karibu bila kumharakisha. Hapo kwenye kumharakisha ndo mnaponishinda nyie wazazi wa sa hivi, mtu anataka mtoto acheze huku anaangalia saa.

Chukua mfano wa mchicha. Unao fungu unachambua, mpe na yeye mashina mawili matatu na bakuli lake, wewe endelea na lako. Atachuma jani moja, ataligeuza, ataliweka kwenye bakuli, atalitoa tena, atalipeleka mdomoni, atakunja sura, atakuangalia kama umemwona, halafu atalirudisha na kuchuma lingine. Usiseme "siyo hivyo". Mboga yako itachelewa kidogo, na humo ndani yake vidole vyake vimeshafanya kazi kubwa kuliko kubonyeza kioo kutwa. Siku ya chapati mkatie donge, mnyunyizie unga kwenye sinia, afinyange nyoka, afinyange mpira, aupondeponde, likishakuwa jeusi unatupa. Fagio la chelewa lililochakaa usilitupe, likate liwe fupi linalomfaa yeye. Nguo zikikauka mpe soksi zote atafute pacha zake, hatazipata, lakini atatafuta. Viazi avihamishe kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye beseni kimoja kimoja, akimaliza atavirudisha mwenyewe bila kuambiwa, usiniulize kwa nini, wote wanafanya hivyo. La kuangalia ni moto tu, jiko la mkaa na sufuria ya maji ya moto viwe upande wa pili kabisa na njia yake isipite hapo.

Maji. Hapa utapumzika kweli. Nenda kwa mafundi rangi hapo mtaani uombe brashi iliyochoka ya inchi mbili, ioshe vizuri na sabuni nywele zilainike, ila kama imekauka rangi ikawa ngumu iache. Mpe na kikombe cha maji, mwambie apake rangi ukuta wa uani. Saruji ikilowa inakuwa nyeusi kwa hiyo anaona kazi yake, anapaka huku, akifika kule alikoanzia kumeshakauka, anaanza upya. Jua linamfutia bure na mwenye nyumba hana pa kulalamikia. Beseni la maji na vikombe na chujio la chai nalo zuri sana, kumimina tu kunamtosha. Ila mwanangu nisikilize hapa, maji hata ya kina cha sentimita 5 yanaweza kumzamisha mtoto mdogo, na ile ndoo ndefu ya lita 20 ndo mbaya zaidi, kichwa chake kizito akiinama kinatangulia na hawezi kujirudisha. Kwa hiyo wakati wa maji huendi kupokea simu, huendi hata kuanua nguo, na akimaliza unamwaga palepale. Ndoo za akiba funika na mlango wa bafu funga.

Kuhusu mchanga, mwenye nyumba hataki uani mwake, sawa, ni haki yake na nguo za wapangaji zinachafuka. Weka wako kwenye beseni. Mahali wanapojenga omba ndoo moja ya mchanga laini, wana chekecheo lao watakuchekechea, uanike juani upate joto la siku nzima, halafu beseni lako liwe juu ya mkeka chakavu mlangoni kwako, ukikusanya mkeka na mchanga wote umerudi. Usiku funika na kipande cha bati au ubao, paka wakijua pana mchanga mkavu hapo ndo choo chao. Mpe kijiko, vikopo vya plastiki, kifuu cha nazi, maji kidogo ili ushikamane. Atapika ugali, atakukaribisha, na we ule ushibe, uulize na mboga iko wapi. Watoto wa wapangaji wengine wakija waache, mkubwa wa miaka mitano atamfundisha vitu ambavyo mimi na wewe hatuviwezi.

Midoli sasa. Ule mdoli wa kubonyeza aliutupa siku ya pili kwa sababu una wimbo mmoja, ukishausikia umeisha. Mi nimemkatia vitofali vya mbao, nilikuwa na mabaki ya mninga na mkongo, unene inchi mbili kwa mbili, nikakata vya inchi 2, vya inchi 4 na vya inchi 6, kwa hiyo viwili vidogo ukivipanga kwa urefu vinalingana na cha kati, vitatu vinalingana na kile kirefu, hakuna haja ya kumwambia, mkono wake utakuja kugundua. Kingo zote nimezivunja na randa, nikapiga msasa wa namba 80 wenye chenga kubwa halafu wa 120 nikamalizia na 180 ulio laini, nimevipitisha shavuni kwangu kimoja kimoja. Vanishi hakuna, rangi hakuna, mafuta ya nazi tu kwa kitambaa, manake vitaishia mdomoni hivyo. Ukitaka kuongeza kwa fundi wa huko Mbagala mwambie wazi asikukatie mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye ukijanikijani, dawa ile ni ya kuua mchwa na huyu wako analamba. Msindano usio na dawa unafaa ila unatoa vibanzi, bila msasa wa kutosha usipokee.

Vikifika usimjengee ghorofa. Panga viwili mbele yake, unyamaze. Umri wake anaweza kusimamisha vinne vitano hivi, na raha yake kubwa kwa sasa ni kubomoa, sasa na kubomoa si ni mchezo? Mpe vichache, vingine ficha, wiki ijayo ubadilishe, ataviona vipya. Siku moja atachukua kimoja ataweka sikioni atasema "haloo", usimcheke wala usimsahihishe, chukua kingine uitikie, umuulize habari za babu. Kesho kitakuwa sabuni, keshokutwa kitakuwa mtoto, atakibeba mgongoni na kanga.

Vizibo vya soda vya kuchezea kama mlivyochezea nyie bado, subiri apite miaka 3. Kipimo chepesi ni ule mwanzi wa ndani ya karatasi ya chooni, kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba, kwa hiyo vizibo, kete, gololi, betri za saa, hivyo viwe juu. Maharage na punje za mahindi nayo juu hukohuko, manake wanapenda hata kujitia puani. Boksi la kuvuta mfungie kamba, lakini fupi, isiweze kumzunguka shingoni.

Nje je? Unasema Mbagala hakuna pa kucheza. Njia ya kwenda dukani ipo au haipo? Asubuhi kabla ya saa nne au jioni kuanzia saa kumi, jua likiwa limetulia, usimbebe, mwache atembee. Kwa Mangi ni dakika mbili kwa mguu wako, kwa wake itakuwa nusu saa, atasimama kwenye kila jiwe, ataangalia sisimizi wanavyobeba chembe ya mkate, atakuletea jani, atakuletea na kipande cha chupa kwa hiyo macho yako yawe chini kama yake. Mtajie anachokiona, kuku, bodaboda, tope, kubwa, dogo, kwa Kiswahili chako cha kawaida, siyo ile sauti ya kubana pua. Pale kwenye ngazi mwache apande, simama nyuma yake tu. Uzio wa mnyaa ukiuona mvute mbali, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Na Jumapili moja mpande pantoni mvuke Kigamboni, maji yakiwa yamekupwa mtoto anapata ufukwe mpana na vidimbwi vya kuangalia kaa, hiyo pantoni yenyewe kwake ni safari ya kusimulia ingawa hajajua kusimulia.

Masika yakianza mtakwama ndani, hakuna shida. Kanga mbili juu ya viti ni nyumba, umeme ukikatika tochi na mkono wako ukutani tayari mbwa anabweka. Kipande cha mkaa na boksi lililofunguliwa achore, atakuwa mweusi mpaka kope, utamwogesha, kwani si ulikuwa unamwogesha hata hivyo? Mvua ikikatika mvishe viatu akanyage madimbwi ya uani, ila maji ya mtaro hapana kabisa, Dar maji ya mtaro unajua yanatoka wapi.

Na kuna muda hatataka kucheza na chochote, atalia tu. Mwache alie kidogo akiwa karibu yako, usikimbilie simu wala kumletea mchezo mpya kila dakika. Ukiona kimya kimerudi chungulia taratibu, mara nyingi utakuta keshapata kazi yake kwenye kona na mfuniko wa sufuria, hapo jifanye humwoni, hata kama amependeza vipi usimwite umpige picha, ukimkatisha mawazo imeisha hiyo.

Mkwe wangu nae akirudi kazini asijifiche kwenye mpira. Kazi yake iwe ile ya nguvu, kumrusha, kumbeba begani, kupigana mieleka kwenye mkeka na kushindwa. Nusu saa kabla ya kula, halafu watulie, la sivyo mtoto halali na mtanilaumu mimi.

Vitofali nitampa konda wa basi la kesho asubuhi kutoka Muheza, kifurushi kina jina lako na namba yako, kipokee Mbezi Luis mchana, na ukikifungua hesabu viko ishirini na nne. Mama yako yuko hapa ananisomea begani, anasema kama mtoto ataanza kuchezea udongo basi kucha zikatwe, mikono ioshwe na sabuni kabla ya kula, na mwezi wa 6 na wa 12 wakitangaza matone ya vitamini A na dawa za minyoo kituo cha afya usikose kumpeleka. Pia anauliza sufuria yake ya sambusa utairudisha lini.

Mteja wa kitanda kaingia, naishia hapa.

Baba yako