Je, nyangumi, pomboo na nguva wana hukumu ya samaki?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nimesoma kuwa nyangumi, pomboo na nguva si samaki bali ni wanyama wanaonyonyesha. Je, lazima wachinjwe kama ng'ombe ndipo waliwe?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Ulichosoma ni kweli. Hawa wana damu moto, huvuta hewa kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha. Mtazame mkia: wa samaki umesimama wima na hupiga kushoto na kulia, wa pomboo umelala na hupiga juu na chini. Pomboo ana tundu moja la pua utosini, nyangumi asiye na meno ana mawili. Nguva yuko kundi jingine kabisa, hula nyasi za baharini, na chuchu zake ziko kwapani, nyuma ya mapezi ya mbele.

Lakini sheria haikuuliza mnyama anapumuaje. Imeuliza anaishi wapi. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mawindo ya bahari kwa jumla. Tena jeshi la Abu Ubayda, sahaba wa Mtume, watu 300, lilikuta ufukweni mnyama mkubwa wa bahari aitwaye anbar, amekufa, wakamla kwa siku nyingi. Ubavu wake mmoja uliposimamishwa, mpanda ngamia alipita chini yake. Mtu atasema walikuwa na dharura ya njaa. Ndiyo, ila Mtume (s.a.w.) aliomba sehemu ya nyama ile akaila Madina, wala yeye hakuwa na dharura hiyo. Kwa hiyo kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi) na jumhuri, yaani wengi wa wanazuoni, nyangumi, pomboo na nguva wote watatu ni halali bila kuchinjwa. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, huhalalisha samaki peke yake, na kwao swali lako lina uzito mkubwa zaidi.

Sili ni mas'ala mengine, kwani hupumzika na kuzaa nchi kavu au juu ya barafu. Hapo pana khilafu, yaani tofauti ya rai: wapo waliomkataza, na Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, hushurutisha achinjwe. Dubu wa barafuni, ingawa wataalamu humhesabu katika mamalia wa bahari, ni mnyama wa nchi kavu mwenye meno ya kuwindia. Ni haramu.

Ukimkuta nyangumi amekufa ufukweni, usiharakishe kula. Tabaka lake nene la mafuta huzuia joto lisitoke, basi nyama huoza kuanzia ndani wakati ngozi bado inaonekana nzima. Chenye madhara hakiliwi hata kama asili yake ni halali. Na sheria ya nchi ikikataza kuwavua, itii.

Wallahu a'lam.