Gitaa la besi lililochoka: tengeneza au achana nalo?

Dodoma haina uhaba wa magitaa ya besi yaliyochoka. Mengi yametoka kwenye kwaya: likinunuliwa jipya, la zamani husukumwa nyuma ya spika mpaka mtu aseme, "Lete chochote, uchukue." Nimeyachukua kadhaa, mengine yanapigwa hadi leo. Ushauri wangu: acha rangi, acha hata sauti, anza na shingo.

Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa uzito unaozidi kilo 70, usiku na mchana. Ndiyo maana ndani ya shingo huwekwa fimbo ya chuma ya kupambana na mvuto huo. Chungulia shingo kutoka upande wa kichwa, kama seremala anavyochungulia ubao. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame freti ya saba au ya nane. Uwazi kati ya uzi na freti hiyo wenye unene wa vocha ya kukwangua ni sawa kabisa. Ukiwa mkubwa, legeza nyuzi kidogo, chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) ukaze nati ya fimbo robo mzunguko, urudishe nyuzi kwenye sauti yake, upime tena. Shingo ikisogea, umepata gitaa. Nati ikizunguka bure, au imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, rudisha. Na shingo iliyojisokota, upande mmoja juu mwingine chini, mimi siichukui hata ya bure, labda nikitaka vifunguo vyake vya kukazia nyuzi.

Kuna kasoro moja inayowatisha watu bila sababu. Gitaa lililokaa Tanga au Dar likiletwa huku kiangazi, mbao hukauka na kusinyaa, lakini chuma hakisinyai. Ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Tupa ndogo na subira vinamaliza kazi hiyo, na kwenye bei unaweza kulalamika utakavyo.

Upande wa umeme sina hofu nao. Magitaa mengi ya bei ya chini yana pikapu (sumaku yenye waya inayonasa mlio wa nyuzi), vitufe viwili vitatu, jeki (tundu la kuchomekea kebo) na waya chache. Ukisikia mikwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti, mara nyingi ni vumbi, nalo tunalo la kutosha. Jeki iliyolegea, fundi redio yeyote anailehemu ukisubiri. Lililo kimya kabisa, fungua nyuma: ukikuta betri ya volti 9, badilisha kwanza hiyo. Kama halitumii betri, pima waya za pikapu kwa mita ya kupimia umeme. Ohmu elfu kadhaa ni dalili njema. Mita isiposoma chochote, huenda waya mwembamba wa ndani umekatika, na hapo gharama inapanda.

Kinachouma ni nyuzi. Seti mpya inaweza kukaribia bei uliyonunulia gitaa lenyewe. Wapiga besi wengi huchemsha nyuzi za zamani dakika chache ili jasho na mafuta vitoke. Mlio hurudi, ila haudumu. Tumia sufuria yako mwenyewe, usiguse ya mama mwenye nyumba.

Jumlisha nyuzi, fundi na kifaa kimoja usichokitarajia. Ikizidi bei ya besi nyingine iliyotumika lakini inayopigika, nunua hiyo nyingine. Rangi mpya usiihesabu kabisa: ni kazi ndefu, haibadilishi mlio, na atakayelinunua baadaye hatakulipa jasho lako. Gitaa la namna hii hutengenezwa lipigwe, au ujifunzie ufundi, siyo kutafutia faida.

Ukienda kulitazama, beba alenki za saizi mbalimbali, mita, betri na kebo yako. Muuzaji akikataa usiguse fimbo wala usichomeke kwenye amplifaya, msalimie vizuri uondoke.