Kima jikoni, mbega mtini, komba darini: mwenye nyumba afanye nini bila kuvunja sheria?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Diani, naipangisha kwa wageni. Kima wanaingia jikoni mchana kweupe, wanabeba mkate na ndizi, na juzi mmoja alimtolea meno mtoto wa mgeni. Mlinzi wangu anasema tutie sumu kwenye embe tumalize kazi. Jirani anasema tuwatege kwa kizimba tukawaachie kwenye hifadhi ya Shimba Hills. Mimi naogopa kufungwa. Kuna na mbega wanaokula majani ya miti yangu, na usiku kitu kinakimbia darini. Nifanyeje? Na serikali itanilipa hasara yangu? – Mama mwenye nyumba, Diani

JIBU: Njema, mama. Nianze na sumu, maana ndiyo iliyo karibu zaidi kukutia matatani. Mwambie mlinzi aache kabisa. Kwa Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kima analindwa hata akiwa juu ya mwembe ulioupanda kwa mkono wako. Kumuua, kumjeruhi, kumtega au kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa la jinai, na hati ya kiwanja haikukingi. Tena sumu haichagui. Embe lililotiwa dawa likianguka nje ya ua litaokotwa na mtoto wa jirani, na mzoga utaliwa na mbwa, kunguru na mwewe.

Jirani yako ana nia njema, lakini kukamata na kuhamisha nako kunataka kibali, na hata ukikipata hakitakusaidia. Kima huishi kwa kundi, dume mmoja na majike wengi, na kila kundi lina eneo lake. Ukiwabwaga Shimba Hills umewaingiza kwa wenyewe. Watapigwa, na watakaopona watatafuta jikoni jingine. Huku kwako, chakula kikiwa palepale, kundi la pembeni litahamia.

Fidia usiingojee. Sheria ina orodha ya wanyama ambao madhara yao hulipiwa: tembo, simba, chui, fisi, mamba, nyati, kiboko na wengine. Kima, tumbili na nyani hawamo. Wakulima wamelilalamikia jambo hili sana, na naona wana haki, hasa wale ambao mahindi yao huvunjwa na nyani yakiwa bado mabichi. Lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kwa hiyo kazi yako ni nyumba, wala si kima. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja hukohuko pwani, nikakaa barazani asubuhi nzima na daftari. Saa mbili na nusu mpishi alifungua dirisha la jikoni atoe moshi, akaacha mkate mezani, akaenda kuanua nguo. Jike mmoja alikuwa ametulia kwenye tawi la mkwaju lililolalia paa, anamtazama. Mpishi alipokunja kona tu, jike akashuka, akaingia, akajaza mashavu, akatoka na kipande mkononi. Haikutimia dakika. Mwenye nyumba alipofika na kelele zake za "wezi hawa!", mimi nilikuwa nimeshaandika maneno matatu: dirisha, mkate, tawi.

Dirisha: weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi inchi mbili, uliofungwa kwenye fremu kwa skrubu. Wavu wa mbu wa plastiki wataupasua kwa kucha. Mkate, ndizi na sukari viingie kabatini lenye kitasa, na pipa la taka liwe na mfuniko wa kufunga, au likae ndani hadi siku ya kuzolewa. Matawi yanayogusa paa yapunguzwe, ila yaliyo karibu na nyaya za umeme waachie watu wa kampuni ya umeme. Na kama umepakana na Kaya Kinondo, usithubutu kukata mti wa upande wa pili. Kaya hiyo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na zaidi ya hapo ni turathi inayolindwa kisheria.

Lililo gumu kuliko wavu ni wageni. Mgeni hulisha kima ndizi apigwe picha, kisha Jumapili anarudi kwao. Kima anabaki, na sasa anajua kwamba mkono wa mtu ni sahani. Andika katazo kwenye masharti ya kupangisha na ubandike mlangoni. Yule aliyemtolea mtoto meno, nadhani alizoeshwa hivyo. Mtoto afundishwe asimkodolee macho, asicheke kwa kuonyesha meno, asimnyang'anye alichoshika. Arudi nyuma taratibu. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

Mlinzi abaki na manati yake, bila jiwe. Kima wanaijua, akiinyanyua na kuvuta mpira, wengi hutimka. Jiwe likivunja mguu, tumerudi kwenye kosa la kujeruhi.

Mbega waachie majani yao. Hawana vifuko vya mashavuni kama kima, na tumbo lao limegawanyika vyumba kwa ajili ya kuchachusha majani. Mkate wako hawautaki. Kwa Kenya, mbega hawa wenye mabega meupe wanapatikana huku kusini mwa Mombasa tu, na nyaya za umeme huwaua. Kama barabarani mbele yako kuna ngazi ya kamba iliyofungwa kwenye mti wako, hiyo ni njia yao ya kuvukia, usiukate mti huo.

Huyo wa darini huenda ni komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, hasa kama ukisikia sauti kama mtoto analia. Tafuta tundu lake mchana, ulizibe usiku akishatoka kula, baada ya kuhakikisha hakuna vitoto ndani. Ukiziba mchana utamfungia, na utakuja kuniuliza swali la harufu.

Halafu nunua daftari. Andika siku, saa, wangapi, walichochukua, na picha ukiweza. Kima mmoja akiendelea kushambulia watu baada ya yote haya, lipeleke kituo cha KWS Kwale. Wao ndio wenye mamlaka ya kumshika au kumuua, na mnyama wa kwenye daftari lenye tarehe watamtambua upesi kuliko "kima wananisumbua".